Haragwe la Kiapo

Miongoni mwa mateso yanayoweza kumpata mtu baada ya kupasuliwa, liko moja ambalo aghalabu halitajwi mbele ya jamaa waliokuja kumtazama, nalo ni kufungana kwa mkojo. Kidonda chaweza kuwa kizuri, homa isiwepo, na maumivu ya kisu yakawa yamekwisha kupozwa kwa sindano. Lakini muda wa saa sita wapita, na wa saa nane, na mgonjwa hapati haja ndogo. Tumbo la chini huwa gumu kama ngoma iliyowambwa. Jasho humtoka. Ataka kukojoa kuliko anavyotaka maji ya kunywa, na hawezi.

Tumfikirie mzee wa Mtongwe, ng'ambo ya kusini ya bandari ya Kilindini, ambaye amevuka kivuko cha Likoni ili akapasuliwe ngiri mjini Mombasa, au akaondolewe busha. Maradhi haya mawili si mageni katika pwani yetu. Busha, hasa, limewasumbua watu wa Kwale na Kilifi kwa vizazi vingi, kwa sababu vijidudu viletavyo uvimbe huo hubebwa na mbu, na mbu wa pwani hawana likizo. Mzee huyu hupigwa sindano katika uti wa mgongo, ganzi ikashika kuanzia kiunoni hadi nyayoni, akapasuliwa hali akiwa macho na bila ya kusikia uchungu. Njia hiyo ya ganzi ilianzishwa na August Bier, mpasuaji wa Kijerumani, mwaka 1898, nayo imewaokoa wengi na hatari za usingizi wa dawa. Lakini ganzi ile haibagui. Huilaza mishipa ya fahamu iletayo uchungu, na pamoja nayo huilaza ile inayokipasha kibofu habari na kukiamuru kifanye kazi.

Yafaa tueleze kidogo namna kibofu kinavyofanya kazi, maana bila ya hivyo habari zinazofuata hazitaeleweka. Kibofu ni mfuko wa msuli wenye mlango wa msuli. Ili mkojo utoke, mfuko hauna budi kujikaza, na wakati huo huo mlango ulegee. Mmoja ukikataa, kazi yote imeharibika. Mtu mzima huhisi kibofu kimejaa mkojo ukifika kiasi cha mililita 300 hivi, na kwa desturi kibofu chake hubeba mililita 400 hadi 600. Ukizidi sana hapo na kukaa muda mrefu, msuli hutanuka kupita kiasi, mfano wa mpira wa manati uliovutwa hata ukakosa kurudi, na huenda ukapoteza nguvu zake kwa siku nyingi. Kwa hiyo jambo hili si la kuonewa haya wala la kungojewa mpaka kesho.

Ganzi ya mgongo ni sababu moja tu. Mofini na dawa za jamaa yake zilizotolewa kutuliza maumivu hukilegeza kibofu. Maji mengi yaliyotiwa mwilini kwa mshipa hukijaza upesi. Kwa wazee wanaume, tezi iliyo shingoni mwa kibofu huwa imekua na kuubana mlango tangu zamani. Na iko sababu nyingine ambayo vitabu huipitia mbio, nami naona yastahili kusemwa: soni. Mzee wetu amefundishwa tangu utotoni kuchutama faraghani, na kujitakasa kwa maji akimaliza. Leo aambiwa akojoe chali, katika chupa, kitandani, na pazia lenyewe fupi, na muuguzi ni binti wa umri wa mjukuu wake. Hata mtu mzima wa afya angeshindwa. Wauguzi wenye busara wanalijua jambo hili. Humfungulia mgonjwa bomba la maji asikie maji yakitiririka, humwekea maji ya vuguvugu tumboni, humsaidia kusimama au kuketi, kisha hutoka. Mara nyingi hayo hutosha.

Yasipotosha, iko njia ya kale: kupitisha mrija katika njia ya mkojo. Mirija ya shaba iliyotumiwa kwa kazi hiyo imefukuliwa katika magofu ya Pompeii, mji wa Kirumi uliofunikwa na majivu ya mlima wa moto mwaka 79. Tabibu Mwislamu wa Andalusia, al-Zahrawi, aliyeishi yapata miaka 1,000 iliyopita, alieleza katika kitabu chake cha upasuaji jinsi ya kuutia mrija wa fedha, laini na mwembamba. Na Ibn Sina naye aliandika habari za mirija katika Kanuni yake. Karne ya 19 ilileta mirija ya mpira, na katika miaka ya 1930 Mmarekani Frederic Foley akabuni mrija wenye kiputo kinachojazwa maji ndani ya kibofu ili usichomoke. Huo ndio mpira wa mkojo tunaouona hospitalini hata leo.

Mpira huo hufanya kazi yake bila ya shaka. Mkojo hutoka, na uso wa mgonjwa hubadilika mbele ya macho yako. Lakini una gharama yake. Kila chombo kipitacho katika njia ile huweza kuchukua vijidudu kwenda navyo ndani, na kadiri mpira unavyokaa ndivyo hatari inavyozidi. Ndiyo sababu madaktari wakatamani kwa muda mrefu kupata dawa itakayokiamsha kibofu chenyewe. Tamaa hiyo ilikuja kukutana na mbegu moja ya Afrika ambayo watu walikuwa wakiipata kwa kusudi jingine kabisa, na ambayo wagonjwa wa kwanza walioinywa hawakuwa wagonjwa. Walikuwa washtakiwa.

Msomaji wa pwani haitaji kufundishwa maana ya kiapo. Krapf, mmisionari aliyefika Mombasa mwaka 1844 na baadaye kufanya makao Rabai, aliandika juu ya viapo alivyovikuta kwa Wamijikenda, na kimojawapo kilikuwa kiapo cha shoka. Shoka hutiwa motoni hata likawa jekundu, kisha mtuhumiwa hupitishiwa mkononi. Asiyeungua, hana neno. Aliyeungua, amejihukumu mwenyewe. Viapo vya namna hii vilikuwako katika sehemu nyingi za Afrika, na pia Ulaya katika zama zake za kati, ambako watu walishikishwa chuma cha moto au kutumbukizwa majini. Kila mahali fikira ilikuwa moja: binadamu hawezi kuona ndani ya moyo wa mwenziwe, basi na apewe kitu kitakachoona badala yake.

Katika mji wa Calabar, ulioko sasa kusini-mashariki ya Nigeria, Waefiki walikuwa na kiapo cha haragwe. Mmea wake hutambaa juu ya miti kandokando ya mito, na mbegu yake ni kubwa, ya rangi ya kahawia iliyoiva, yenye mfereji mweusi ubavuni. Wao waliiita esere. Mtu akishtakiwa kwa uchawi, maharagwe yalipondwa yakachanganywa na maji, akaambiwa anywe. Akitapika na kupona, huachiliwa. Akifa, watu walirudi nyumbani wakiamini kwamba haki imetendeka. Wako wataalamu wasemao kwamba kiapo hicho kilikuwa na hekima ndani yake, kwa kuwa mtu mwema hunywa kwa haraka bila ya hofu, na anywaye kwa haraka hutapika. Ilhali mkosa husitasita, akanywa kidogo kidogo, sumu ikapata nafasi ya kuingia damuni. Mimi naona maelezo hayo ni mazuri kuliko ukweli wake. Tumbo la mwema na tumbo la mwovu huumbwa kwa namna moja, na mtu asiye na hatia aweza kuwa mwoga sana. Yamkini wengi waliokufa kwa esere hawakuwa na kosa lolote.

Habari za haragwe hili ziliandikwa mwaka 1846 na William Daniell, daktari wa jeshi la Kiingereza, na mwaka huo huo wamisionari wa Kiskoti wakaanza kazi Calabar. Wao ndio waliopeleka mbegu Edinburgh. Huko alikuwapo Robert Christison, profesa wa elimu ya dawa na bingwa wa sumu, ambaye alikuwa na desturi isiyofaa kuigwa na mwanafunzi yeyote: alizijaribu sumu katika mwili wake mwenyewe. Jioni moja mwaka 1855 alitafuna sehemu ya nane ya haragwe moja, na asubuhi yake, alipoona hakuna madhara makubwa, akatafuna robo nzima. Haukupita muda akashikwa na kizunguzungu na ulegevu wa mwili wote, na mapigo ya moyo yakafifia. Alipotambua hatari, alinyakua maji ya sabuni aliyokwisha kunyolea ndevu akayanywa yote, akatapika. Akapona. Laiti angalikuwa mshtakiwa wa Calabar, angalitangazwa kuwa hana hatia.

Mwanafunzi wake, Thomas Fraser, alikuwa mwangalifu zaidi. Mwaka 1862 aliandika tasnifu yake ya udaktari juu ya haragwe hili, na kwa miaka kadhaa baadaye akaendelea kulichunguza kwa wanyama. Aliona kwamba humfanya mnyama atoke mate na machozi, moyo wake upige polepole, na matumbo yake yasukutike. Mwaka 1863 rafiki yake, Argyll Robertson, alionyesha kwamba tone la dawa ya haragwe likitiwa jichoni hufanya mboni ijikunje ikawa kama tundu la sindano. Mwaka 1864 Wajerumani Jobst na Hesse waliipata sumu yenyewe ikiwa safi, wakaiita fisostigmini. Na Wafaransa, ambao waliitoa kwa njia yao, wakaiita eserini, kwa jina la Waefiki. Hilo la pili napenda zaidi, kwani ni mara chache sana dawa ya dukani kubakia na jina iliyopewa na wale walioijua kwanza.

Fraser aligundua pia jambo ambalo lilikuja kuwa na faida kubwa. Atropini, sumu itokayo katika mmea wa Ulaya, ilikuwa na kazi zilizo kinyume kabisa cha fisostigmini: hukausha mate, hupanua mboni, huharakisha moyo. Aliwapa wanyama zote mbili kwa vipimo mbalimbali, akaona kwamba sumu moja huweza kumwokoa mnyama na mauti ya sumu ya pili.

Hapa nataka kutoka njiani kidogo, maana huyu Fraser ana habari na upande wetu wa Afrika. John Kirk, yule ambaye baadaye alikuwa balozi wa Uingereza Unguja na kushughulika na Sayyid Barghash katika kufungwa kwa soko la watumwa mwaka 1873, alikuwa kwanza daktari katika msafara wa Livingstone wa Zambezi, uliodumu tangu 1858 hata 1864. Huko aliona mishale yenye sumu ya mmea ulioitwa kombe. Ikatokea kwamba mswaki wake uliwekwa mahali pamoja na sumu hiyo, na alipopiga mswaki alihisi uchungu mdomoni na kuona mapigo ya moyo wake yamepungua. Wengine wangelitupa mswaki na kusahau. Kirk alitia jambo hilo akilini, sumu ikafika mikononi mwa Fraser, na katika karne ile ile ya 19 ikawa dawa ya moyo. Kwa hiyo mtu mmoja katika mji wa baridi wa Skotlandi alikuwa mezani pake na kiapo cha Afrika ya Magharibi na mshale wa Afrika ya Mashariki.

Turudi kwa haragwe. Kwa muda wa miaka 60 madaktari walijua lifanyalo, na hawakujua lafanya kwa njia gani. Jibu lilianza kupatikana mwaka 1921 huko Graz, Austria, kwa Otto Loewi. Alichukua mioyo miwili ya vyura, akausisimua mshipa unaopunguza mwendo wa moyo wa kwanza, kisha akayachukua maji yaliyouzunguka akayatia katika moyo wa pili. Moyo wa pili nao ukapunguza mwendo, ijapokuwa haukuguswa na mshipa wowote. Basi mshipa wa fahamu hausemi na msuli kwa umeme peke yake. Humwaga kitu, na kitu hicho ndicho kinachobeba amri. Mwingereza Henry Dale alikuwa amekwisha kukieleza kitu cha aina hiyo tangu 1914, nacho ni asetilikolini. Wawili hao walipewa tuzo ya Nobel pamoja mwaka 1936. Miaka miwili baadaye Loewi, aliyekuwa Myahudi, alitiwa gerezani na Wanazi, na hakuachwa aondoke nchini mpaka alipoitoa fedha ya tuzo hiyo.

Mwaka 1926 Loewi na mwenzake Navratil walionyesha mahali ambapo haragwe linaingia. Asetilikolini ikimwagwa haikai. Kimo kimeng'enya kinachoivunja mara moja, la sivyo msuli ungebaki umekazwa daima. Fisostigmini hukizuia kimeng'enya hicho. Amri ya mshipa haifutwi, hurundikana, na msuli huendelea kuisikia. Mate, machozi, mboni, matumbo, moyo: vyote vilivyomtesa mshtakiwa wa Calabar vilikuwa na asili moja. Na kibofu nacho hukazwa kwa amri hiyo hiyo. Mtu akiyafahamu haya, haoni ajabu tena kwamba wapasuaji walianza kulitazama haragwe kwa matumaini.

Wakati huo mbegu yenyewe ilikuwa haihitajiki tena. Mwaka 1931 wakemia wa kampuni ya Hoffmann-La Roche, Aeschlimann na Reinert, walieleza dawa waliyoiunda kwa kuiga umbo la fisostigmini, iliyokuja kuitwa neostigmini. Fisostigmini halisi nayo iliundwa mwaka 1935 na Percy Julian, Mmarekani mweusi, mjukuu wa watumwa, pamoja na Josef Pikl, nao wakamtangulia Robert Robinson wa Oxford aliyekuwa akifanya kazi hiyo hiyo. Sifa zake zilienea, walakini chuo alichofanyia kazi hiyo hakikumpa uprofesa. Neostigmini iliuzwa kwa jina la Prostigmin, na katika miaka hiyo ya 1930 ikaanza kudungwa wagonjwa waliopasuliwa ambao matumbo yao yamejaa upepo au vibofu vyao vimegoma. Wajerumani walikuwa na kabakoli tangu 1932, na mwaka 1948 bethanekoli ikaingia katika maduka ya dawa ya Marekani. Hizi mbili zilifanya kazi kwa njia nyingine kidogo: badala ya kuilinda asetilikolini isivunjwe, ziliiga sauti yake, na kimeng'enya hakikuziweza.

Basi tamaa ya madaktari ilikuwa imetimia, au ilielekea kutimia. Mgonjwa hawezi kukojoa, apigwe sindano, angojewe, akojoe. Vitabu viliandika hivyo, na wauguzi waliona kwa macho yao kwamba wengi waliopigwa sindano walikojoa.

Hatari zilijulikana mapema. Sindano haiwezi kuchagua kibofu peke yake. Mgonjwa hutokwa na jasho na mate, tumbo humsokota, moyo hupungua mwendo, na mwenye pumu huweza kubanwa vibaya. Kubwa kuliko yote, ikiwa mlango wa kibofu umezibwa na tezi au jiwe, kuukaza mfuko kwa nguvu ni kumwambia mtu asukume ukuta. Kibofu chaweza hata kupasuka. Kwa hiyo dawa ilikatazwa mahali penye kizuizi. Wapi basi patakuwa na mzee ambaye una hakika kwamba hana kizuizi hata kidogo?

Lakini swali gumu lilikuwa jingine, na lilichukua muda mrefu kuulizwa vizuri. Wengi wa wale wasioweza kukojoa baada ya kupasuliwa hupona wenyewe. Ganzi huisha, mofini hupungua damuni, maumivu hulegea, mgonjwa husimama, na kibofu huamka. Ukimpiga sindano saa moja kabla ya hapo, utasema sindano imemponya. Wazee wetu walisema juu ya jogoo: likiwika lisiwike, kutakucha. Muuguzi aliyeona wagonjwa kumi wakikojoa baada ya sindano hakusema uongo. Aliona jogoo na akaona mapambazuko. Asichokiona ni wale wengine ambao wangalikojoa saa ile ile bila ya sindano, kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyeachwa bila ya sindano ili atazamwe.

Mwaka ule ule wa 1948 Uingereza ilichapisha matokeo ya jaribio la dawa ya kifua kikuu, streptomisini. Wagonjwa waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapewa dawa na wengine wakatunzwa kitandani tu kama ilivyokuwa desturi, na daktari hakuruhusiwa kuchagua nani aende upande upi. Ugawaji huo unaondoa upendeleo. Kama daktari angechagua mwenyewe, angewapa dawa wale awaoneao huruma au wale anaowatumainia, na pande mbili hazingefanana tangu mwanzo. Katika majaribio mengi yaliyofuata, upande wa pili hupewa kitu kinachofanana na dawa na kisicho na dawa ndani, ili mgonjwa wala mtunzaji wake asijue. Njia hii ilienea polepole katika kila tawi la uganga.

Angalia namna mambo yalivyogeuka. Huko Calabar haragwe lilikuwa hakimu na binadamu ndiye mshtakiwa. Sasa wajukuu wa haragwe wameketishwa mahali pa mshtakiwa, nao waambiwa wathibitishe. Tofauti ya viapo viwili hivi si ndogo. Kile cha kwanza hakikuwa na mtu wa kulinganishwa naye: aliyekufa alikufa, na hakuna aliyeuliza ni wangapi wangalikufa ikiwa wangenyweshwa watu wote wa kijiji, wema na waovu. Kile cha pili hakiwi kiapo hata kidogo bila ya ulinganifu huo.

Mwaka 2010 watafiti wawili, Brian Buckley na Marie Carmela Lapitan, waliyakusanya majaribio yote ya namna hiyo waliyoyapata kuhusu dawa za kufungua mkojo baada ya upasuaji, wakayapima pamoja. Waliyapata machache, tena madogo. Dawa za jamaa ya haragwe zikitumiwa peke yake hazikuonyesha faida iliyo wazi kuliko kitu kisicho na dawa. Dawa za kulegeza mlango wa kibofu zikitumiwa peke yake, hali kadhalika. Palikuwa na dalili njema kwa dawa ya jamaa ya haragwe ikichanganywa na dawa ya kutuliza, na kwa prostaglandini iliyotiwa ndani ya kibofu, lakini ushahidi ulikuwa mwembamba mno kujengea desturi ya wodi. Zaidi ya miaka 70 ya sindano, na hukumu ikawa kwamba haijathibitishwa.

Kutothibitishwa si sawa na kuthibitishwa kuwa haifai, na mwanafunzi wa sayansi asizichanganye hukumu hizo mbili. Yawezekana wako wagonjwa ambao sindano iliwasaidia kweli. Ila hatuwezi kuwatenga na wale waliosaidiwa na saa. Na maadamu dawa ina hatari zilizo hakika na faida isiyo hakika, madaktari wengi wameiacha kwa kazi hii. Neno la haki lisemwe pia juu ya dawa za kulegeza mlango, kama tamsulosini, ambayo ilianza kuuzwa Japani mwaka 1993: kwa wazee ambao mkojo wao umezibwa na tezi iliyokua, majaribio yameonyesha kwamba dawa za namna hiyo huongeza uwezekano wa mtu kukojoa mwenyewe mpira ukiondolewa. Lakini huyo ni mgonjwa wa namna nyingine, mwenye kizuizi kinachojulikana.

Kwa mzee wetu wa Mtongwe, basi, matibabu ya leo yangalieleweka bila ya taabu na al-Zahrawi. Hukaguliwa tumbo, au hospitali ikiwa na mashine ya mawimbi ya sauti hupimwa kiasi cha mkojo uliobaki bila ya kutiwa chochote. Huinuliwa akasimama, au akasaidiwa kufika msalani akachutama kama alivyozoea. Ikishindikana hutiwa mpira kwa usafi wa hali ya juu, kibofu kikamwagwa, na mpira ukaondolewa mapema iwezekanavyo.

Neostigmini haikutupwa. Ilipata kazi nyingine, nayo ilithibitika vizuri. Wako wagonjwa ambao misuli yao yote hulegezwa kwa dawa wakati wa upasuaji ili mpasuaji afanye kazi ndani ya tumbo. Na upasuaji ukiisha, hapana budi misuli hiyo irudishiwe nguvu ili mtu avute pumzi mwenyewe. Katika vyumba vingi vya upasuaji duniani, daktari wa usingizi huifanya kazi hiyo kwa sindano ya neostigmini, naye huiandamanisha na atropini, au dawa ya jamaa yake, ili moyo usipungue mwendo kupita kiasi: sumu mbili za Fraser, zikishikana mikono katika mshipa mmoja. Atropini ni mojawapo ya dawa ziwezazo kukifunga kibofu. Kwa hiyo saa chache baadaye, mgonjwa akiwa amerudishwa wodini, muuguzi hupita kitandani pake na kumwuliza kwa sauti ya chini kama amekwisha kupata haja ndogo.